Kidato cha Tisa

Ngazi za Kibokoni zina vidato kumi na saba, cha tisa kimeoza.
Anayekijua hukiruka bila kutazama,
ndivyo tunavyomtambua mgeni.
Leo kimelia mara moja tu:
Ndunge wa Changamwe, na patasi zake saba
zimefungwa kwa tyubu kuukuu ya baiskeli.

Tumevua viatu, tumekaa chini.
Twahir ametandika magazeti ya wiki jana;
mheshimiwa fulani amekaliwa usoni na bakuli la wino,
hakuna aliyemhurumia.

Mbao zinapita mkono kwa mkono kama mtoto wa arubaini:
muembe, laini, hauna kiburi;
mkangazi, ubavu wa kitanda cha nyanyake Zulekha;
na kipande cha mbambakofi, masalia ya mlango ulioshindwa na bawaba zake.
Ndunge akakigonga kwa kifundo cha kidole, akaguna:
"Huyu hachongwi. Huyu anabembelezwa."
Akaonyesha: kiwiko kimeshikamana na mbavu, pumzi nje,
patasi inalala, haisimami,
na mkono wa kushoto, jamani, usikae mbele ya chuma.
Makovu matano yakainuliwa hewani kuunga mkono hoja.

Mashine ya kukandamiza hatuna. Tuna vifuu.
Kifuu kilichopigwa msasa hadi kikateleza
kama kisigino cha bibi harusi,
unakizungusha juu ya karatasi, toka katikati kwenda kando,
usikie wino unavyoshika: kisauti kidogo,
cha mtu anayebandua plasta kwa huruma.
Jayesh huvicheka vifuu vyetu. Yeye ana kijiko cha shaba
cha babu yake, mpiga chapa wa vitambaa kutoka Kachi.
Saa nne aliazima kifuu cha Mwanakombo.
Saa nane hajakirudisha.

Wino haukauki mji huu.
Zulekha hutia masizi ya kibatari, Twahir anaapa kwa tone la mafuta ya taa,
wamebishana mwaka wa tatu sasa
na kila mmoja kisirisiri hutumia dawa ya mwenzake.
Kamba imevuka chumba kutoka dirisha hadi kabati;
ukienda kumimina kahawa unainama
chini ya kunguru, chini ya paka watatu,
chini ya Twahir aliyejichonga mwenyewe
akatoka na sura ya baba mkwe.

Kisha Kitsao akafungua leso.
Wiki tatu amechonga usiku, baada ya zamu ya ulinzi,
jina la mamake aliyezikwa Februari: KADZO,
na shada la mkilifi kuzunguka.
Akapaka. Akalaza karatasi. Akasugua.
Akainua pembe moja, akanyamaza.
Herufi zilikuwa zimetupa mgongo.
Hakuna aliyemkumbusha kwamba mbao husema kinyume;
sote tulidhani mwingine amemwambia.

Mwanakombo alifungua mdomo, akaujaza kashata.

Ni Jayesh aliyesogea kwa magoti.
Hakusema kitu. Akachukua karatasi nyingine, nyeupe, iliyorowa kidogo,
akailaza juu ya ile ambayo wino wake ungali mbichi,
uso kwa uso, kama watu wanaopeana rambirambi,
akasugua kwa kifuu, si kwa kijiko.
Alipobandua, jina lilikuwa limegeuka kutuangalia:
KADZO, kijivu, limefifia,
sauti ya mtu anayekuita kutoka chumba cha pili.

Kitsao alilitazama muda mrefu.
"Hivi ndivyo," akasema. "Wino mzito ungemwongopea. Alikuwa mpole."

Hatutachonga upya, basi.
Ndunge akaomba afundishwe hilo la uso kwa uso,
Zulekha akaliandika kwenye kiganja,
kahawa ikapoa, tukainywa hivyo hivyo.

Magharibi ilipoadhiniwa Kitsao akashuka,
karatasi mbichi juu ya viganja viwili,
miguu yake haioni,
nasi tukajazana juu ya ngazi, mikono myeusi,
tukipiga kelele kwa pamoja:
cha tisa! Kitsao, cha tisa!