Waya Usiuchomoe

Nyamizi, jirani yangu,
sogeza kiti, mwenzangu,
uonje kahawa chungu,
theluji i dirishani.

Umepata kisomeo
cha mitumba, si cha leo,
usikiite kimeo,
nisikize kwa makini.

Jambo la kwanza ni chaji:
hupiki bila ya maji.
Sasisho nalo mnywaji,
hukomba hadi chunguni.

Ikiwa nusu, ungoje,
chomeka kwanza, usije
ukalia, "Nifanyeje?"
na kifaa mkononi.

Tena kipe wai-fai,
ya dukani haifai,
hukatika, haikai,
kama ndoa ya jijini.

Likitokea tangazo,
usiliite tatizo,
bonyeza, lipe uwezo,
kisha tulia kitini.

Waya usiuchomoe,
hata jikoni kutoe
moshi, nawe ukohoe,
bora upike jioni.

Nafua shuka za wodi
usiku, kisha kurudi
basi moja, sina budi
kuliwahi Potejini.

Ndipo yaliponipata:
basi langu lanipita,
waya ule nikavuta,
asilimia sabini!

Kikawa jiwe, Nyamizi,
hakilali, hakiwazi,
sura yake kama ndizi
ilogandia frijini.

Na mle mna hadithi,
wagombania mirathi,
sijui nani warithi,
nikakonda kama kuni.

Jumamosi nikaenda
maktabani, kumeganda,
pua nzima ni kidonda,
Winipegi, thelathini

chini ya sifuri hasa.
Ndipo mle Bi Larisa
akakipapasa-pasa,
miwani yake puani.

Kitufe alikibana,
bila neno la kunena,
sekunde zafuatana
hadi ya arubaini.

Kikapepesa kioo,
kikapiga chafya, loo!
Jasho langu kama ndoo,
kikarudi duniani.

Vitabu vyote ni vile,
ila ukurasa ule
umepotea milele,
nikarejea mwanzoni.

Na huko mwanzo, mwenzangu,
niliruka, kosa langu:
wosia, ndani ya chungu,
kaufukia jirani!

Baridi ya hapa, sumu,
kioo huwa kigumu,
kurasa huja kwa zamu
kama foleni benkini.

Kivike soksi ya sufu,
wacha watu wakashifu,
si aibu wala hofu,
kisha kitie kwapani.

Ukifika, usichaji
kikiwa chatoka maji;
nacho pia mhamaji,
kizoee joto ndani.

Herufi zikuze, dada,
si kosa, wala si shida,
macho yetu yana muda,
yalisoma kandilini.

Neno gumu ukigusa,
kamusi huja na kisa,
ila Kiswahili hasa
hakimo humo, jamani.

Kila sasisho likija
natafuta lugha moja,
naipata ngoja-ngoja
na Kiswidi orodhani.

Hali ya ndege, iwashe,
betri yako idumishe,
sasisho lisikuchoshe
usiku, u kitandani.

Wacheka, "Ndege ya wapi?
Nauli yenyewe ipi?
Na likizo yetu fupi,
tutafikaje nyumbani?"

Kibofye kidege kile,
hodi zibishwe milele,
we soma, mbele kwa mbele,
utatua Uyuini.

Tazama! Chako chaita,
sasisho limekukuta.
Waya uko wapi? Leta!
Chaji yake ishirini.

Chomeka, tukae hapa,
na basi likitukwepa,
lije lingine. Naapa,
sinyanyuki asilani.