Kikopo cha Kahawa

Kile kikopo cha kahawa juu ya kabati
hakina kahawa. Najua, baba.
Hukifuta vumbi kila Ijumaa;
siku hizi chanukia gome.

Ulikwenda Biashara kwa Valabhdas,
akakupimia kwa mizani ya shaba
unga mwekundu wa mti wa kwao.
"Moyo, mzee wangu, hutibiwa kwa uchungu."
Usiku ukakoroga kijiko, maziwa, asali,
ukateremshia kile kidonge cheupe cha Makadara
kinachoizuia damu isigande.
Waganga wawili, moyo mmoja,
na hawajuani.

Sikukuuliza. Niliona mkono:
zambarau zimeiva pasipo msimu.
Ukasema umejigonga mlangoni.
Mlango gani, baba, hugonga hata mgongoni?

Jana mswaki wako ulilala mwekundu kwenye bilauri.

Siutupi unga wako, wala sikucheki;
nyanya alitulea kwa mvuje na habasoda.
Ila kesho kliniki twenda watatu:
wewe, mimi, na kikopo.
Nitakipakata njia nzima.
Tukifika mbele ya daktari Mwachiti
ukifungue mwenyewe.

Nisiwe mimi wa kusema.