Mwenyeji Apone

Shaame kaniletea damu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
kaishika kwa kitambaa, kichwa kageuza upande.
"Ya yule nguruwe jike aliyeanguka shimoni.
Muhogo wangu kaumaliza.
Wenziwe walikufa Mfunguo Tano, Ngezi nzima ikanuka,
yeye kabaki.
Nambie kwa nini, nijue nimchukie vipi."

Nikavaa glavu mbili.
Bismillahi nikaisema kimoyomoyo, nikaona haya,
nikaisema tena.

Kirusi hakibishi hodi.
Huingia, huvua viatu kama mwana wa nyumba,
hula cha mwenyeji,
huwapika wenziwe kwa mafuta ya mwenyeji,
kisha hutoka kwa mlango wa uani, elfu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wakisema wazee.
Mgeni huyu hawakumjua.

Lakini ndani ya jike yule
seli ya kwanza kuvamiwa ilipiga mbiu kabla haijafa,
na nyumba ya pili ikasikia, na ya tatu,
zikakaza ngozi ya mlango.
Na pale uani, ajabu,
protini nyembamba kama uzi wa usumba:
ncha moja imeshika ukuta,
ncha moja imemshika mgeni.
Hutoki.

Picha imerudi jana kutoka ng'ambo.
Vimening'inia nje ya seli kama pweza wa kuanikwa,
virusi vizima, vimekamilika,
havina pa kwenda.

Nikampigia Shaame. "Ana kamba," nikamwambia.
"Kamba gani? Mimi ndiye mwenye kamba."
"Ya ndani. Kazaliwa nayo."
"Na sisi?"
"Na sisi tunayo. Zinafanana."
Kimya. Nikamsikia anatema mate,
kisha, sauti chini:
"Usimwambie mama."

Maabara ya Wete hufungwa saa tisa.
Chini ya sinki nina kopo la siagi, ndani yake udongo.
Shaame alinichotea mwenyewe, shambani kwake,
pale pale jike alipofukua.
Nikanawa mara ya kwanza kwa udongo huo,
ukawa mwekundu kwenye kaure, ukashuka polepole.
Ya pili. Ya tatu.
Sikumwombea apone, sikumwombea afe.
Nilikuwa nahesabu tu.

Ya sita, bomba likakohoa,
maji yakakatika.