Sikio la Iga

Daktari ana heshima. Anapozungumza
hutazama uso wangu, hafichi midomo,
na mkalimani amerudi nyuma hatua moja
ili niione mikono yake yote miwili.
Mezani kuna kisanduku cha plastiki:
koili, sumaku, uzi mwembamba kama unywele wa kichanga.
Huu utaingia ndani ya fuvu, anasema.
Fuvu la Iga. Miezi kumi na mmoja.
Jana usiku nilikipima kichwa chake kwa kiganja, kikaenea.

Ubongo wa mtoto ni udongo mbichi, anasema,
ukikauka, basi.
Anasema bila ukali, kama mtu anayekukumbusha
kwamba maziwa yako yapo motoni.

Nikamuuliza: na lugha yetu?
Akatabasamu. "Hakuna anayewanyang'anya."

Ni kweli, hakuna anayetunyang'anya.
Klabu yetu ya viziwi hapa Łódź, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitasa na funguo,
haikuvunjwa na mtu. Viti vilikuwa themanini.
Alhamisi iliyopita tulikaa kumi na mmoja,
mdogo kuliko wote mimi, na nina thelathini na nne.
Chai ya birika kubwa ikamwagwa karibu yote.
Watoto wa siku hizi wana sumaku nyuma ya sikio.
Wanaimba kwaya, nasikia,
yaani nimesoma.

Bibi yangu Walentyna alifuma pamba miaka ishirini na minane.
Mitambo mia mbili kwenye ukumbi mmoja,
sakafu ikitetemeka hadi magotini.
Wenye kusikia waliingia asubuhi na masikio yao
wakayaacha humo kidogokidogo, kama taka za nyuzi.
Ndipo wakamwendea: tufundishe mikono.
Hakuna aliyewapa wale fomu ya kusaini.

Fomu yangu ina kurasa sita.
Ukurasa wa tatu una miraba miwili: nakubali, sikubali.
Nilitafuta mraba wa tatu.
Niligeuza hata nyuma ya karatasi.
Tymon hakutaka kuishika.
Aliniambia kwa mkono mmoja, mwingine ukimbeba Iga:
Sisi tumepungukiwa na nini?
Nikamjibu: Akija yeye kutuuliza hilohilo,
ana miaka ishirini, na udongo umeshakauka?

Sikio la kufa halisikii dawa.
Langu halikufa. Halikuwahi hata kuugua.
Nasikia baridi, nasikia njaa,
nasikia tramu ya alfajiri kwenye mbao za kitanda,
nasikia uchungu mtu anapogeukia mkalimani, "mwambie,"
ilhali mimi nipo.
Sikuomba kutibiwa. Lakini mimi si Iga,
na ninachotaka kukitetea kwa kichwa ngumu
ni kichwa chake.

Nilisaini Jumatatu. Wino uliniishia katikati ya jina,
nikaazima kalamu ya mkalimani.

Wiki sita baadaye wakakiwasha.
Sikuona chochote kikiwaka.
Fundi alibonyeza kompyuta, akaniashiria: sema naye.
Kwa kinywa. Mimi,
niliyekifunga tangu darasa la nne
wasichana waliponigeukia wote kwa pamoja, meno nje.

Nikasema: Iga.

Akaacha kunyonya kidole.
Uso ukakunjamana, akalia, kisha akanyamaza,
akanikodolea macho kama mgeni aliyeingia na funguo zake.
Sasa ana kitu changu nisichokijua,
sauti niliyoibeba miaka yote hii
kama barua ya mtu mwingine.
Nikamuuliza kwa mikono: ikoje?

Mtoto wa mwaka mmoja ajibu nini?
Aligonganisha ncha za vidole vyake vifupi,
alama aliyojifunza kwa uji wa tufaha:
bado nataka.

Kwenye tramu aliibandua sumaku, akaitia kinywani.
Niliifuta mate, nikaiweka mfukoni.
Vituo vinne vimepita. Sijamrudishia.