Kamba ya Taa

Mzee Idwal alitaka swichi ukutani,
pale pale kando ya beseni la kuogea.
"Kamba hii," alisema, "usiku
naipapasa hewani kama mlevi."

Eirlys alipanda ngazi, penseli sikioni,
akanyoosha futi kutoka ukingoni mwa beseni.
"Hapa maji hufika, Mzee.
Umeme haubishi hodi
kwenye mkono uliolowa."

Feni akaiweka juu, mbali na bomba la mvua;
swichi ya kuizima, nje ya mlango, pakavu.
Ikavuta mvuke kwa mluzi mwembamba.
Kioo kikamrudisha mzee taratibu:
paji kwanza,
kisha mashavu ya siku tatu bila wembe.
Nje, Aberystwyth ilizidi kunyesha,
nayo haina feni.

Halafu ile kamba. Imeota weusi, imechakaa.
Akaikata.
"Ngoja!"

Mwishoni paling'ang'ania kifungo cha koti jekundu.
Nesta alikifunga mwaka ule
macho ya mumewe yalipoanza kuaga,
ili kiganja kipate pa kufikia.

Eirlys hakusema neno.
Alilegeza fundo kwa meno,
akakitia kifungo kwenye kamba mpya, nyeupe,
akakishusha
vidole vinne zaidi.