Kichuguu cha Ruashi

Kichuguu kilikuwa hapa kabla ya karatasi yangu.
Tulikivunja, tukakikanda, tukakichoma,
kikasimama tena: vyumba viwili na baraza
ambayo saruji yake bado iko dukani.

Siku ya kwanza nilipigilia misumari kumi na mmoja ukutani
bila ruhusa ya mtu,
bila kitu cha kutundika.

Mwezi ukiisha, mkono wangu ungali
unakunja noti za mzee Kapend, kule Katuba.
Nazikunja, nazikunjua, sina wa kumpa.
Numbi hucheka: "Jilipe basi. Lakini upige hodi kwanza."

Januari bati lilivuja juu ya kitanda.
Nikatoka na hasira kumtafuta mwenye nyumba,
nikafika mlangoni, nikakumbuka.

Kisha Novemba, mvua ya pili,
sakafu ikapasuka karibu na mguu wa kabati:
kumbikumbi, wanapanda kuelekea taa
kama watu waliorudi kwao usiku.
Numbi akaleta beseni la maji.
Tuliwakaanga kwa chumvi, tukala na bukari ya moto,
kodi ya kwanza niliyowahi kupokea.

Ufa ule sijauziba.
Wenye mji wapite.