Chenga za Maji

Gunia la chakula cha samaki limepanda bei tena.
Motaleb amerudi nalo kutoka Trishal, juu ya mkokoteni wa baiskeli,
amelikumbatia kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali.
Mwenye duka ametuandika tena
katika daftari lake la jalada jekundu.
Ukurasa wetu umejaa, tumeanza kuandikwa pembeni.

Nikafungua gunia, nikanusa.
Soya ya ng'ambo.
Unga wa dagaa wa bahari nisiyoijua.
Samaki wamesagwa ili samaki wanenepe,
na katikati nipo mimi, Kohinur,
ninawalipia nauli wote wawili.

Nyuma ya zizi kuna mtaro,
hakuna aliyewahi kuupa jina.
Mvua ikishapita maji yake hujifunika kijani,
shuka isiyo na mshono,
vijani vidogo kuliko ukucha wa kichanga,
kila kimoja na mzizi wake, uzi mmoja tu.
Kwetu huitwa khudipana, gugu la chenga,
kwa kufanana na zile chenga za mchele
zinazobaki kwenye ungo, za kuku na za maskini.
Mama mkwe aliwazolea bata.
Bata walinona. Hatukuuliza kwa nini.

Ndipo akaja kijana wa idara ya uvuvi, miwani imejaa vumbi,
akachota kiganja kimoja, akakigeuza juani.
"Likilelewa vizuri na kukaushwa," akasema,
"karibu theluthi yake ni protini."
Nikacheka. Nani hulea gugu?

Mimi, kumbe.
Nikaligawia mtaro vyumba vya mianzi lisisukumwe na upepo,
nikalinywesha maji ya samadi.
Mgeni siku mbili: hili siku ya pili
lilishazaa pacha wake.
Ya tatu nikalipa jembe.

Kulivuna ni chekecheo na mgongo.
Kulianika ni bati la paa, na kulitukana jua likijificha.
Kilo ishirini mbichi zikanipa kilo moja na ushee,
kavu, nyepesi, zenye harufu ya chai iliyosahaulika.
Nikachanganya na pumba za mpunga, mashudu ya haradali,
uji wa ngano kidogo vishikane,
nikapitisha kwenye mashine yetu ya tambi za Idi.
Zikatoka tambi za kijani. Mama mkwe akageuza uso.

Siku ya kwanza perege walikuja, wakaonja, wakarudi.
Pangasi wakabaki chini, wakubwa wasiotaka kusalimia.
Siku ya nne maji yakachemka kwa midomo.

Motaleb akaingiwa na tamaa:
"Tulitupe gunia, tuwape gugu tupu!"
Mwezi mzima tukawapa gugu tupu.
Samaki wakadumaa, vichwa vikubwa kuliko viwiliwili.
Hatukuzungumza sana mwezi ule.
Nikarudi kwenye robo: robo ya gugu, mengine ya dukani,
na samaki wakarudi kwenye mwili wao.

Sitakudanganya. Gunia bado linakuja.
Ila yaliyokuwa matano sasa ni matatu,
na mwenye duka, akinipisha njiani,
hunisalimia kwa jina langu, si la mume wangu.
Sijui ni heshima au ni hofu ya mteja anayepungua.

Tumpa, binti yangu, aliapa hatakula
samaki aliyelishwa uchafu wa mtaroni.
Jana nilimkaangia kwa manjano na pilipili mbichi.
Amebakiza miiba.

Jirani Sufia alikuja na bakuli, akaomba mbegu.
Nikamchotea. Kesho kutwa lile pengo litakuwa limeziba.

Bata tu ndio hawajakubali.
Wamesimama nje ya wavu, shingo ndefu,
wananitazama
kama wenye duka.